Biskuti za Krismasi Zilizotoweka Asubuhi ya Idi

Asubuhi ya Idi, mwaka sabini na nne, Febronia alifungua kufuli la jiko lake akakuta patupu.

Madebe manne ya biskuti. Yote hayapo.

Kufuli halikuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Kwenye vumbi la sakafu kulibaki alama za madebe, basi.

Akasimama pale mlangoni na ufunguo mkononi, mafua yamembana.

Sasa ngoja nikuweke sawa, ujue kwa nini biskuti tu zilimtoa mtu roho.

Ule ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji. Watu walitolewa kwenye maboma yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, si mbali na Issuna, Singida. Jirani yako humjui, naye hakujui. Mkristo huyu, Mwislamu yule, na kila mmoja ana kinyongo chake cha kuhamishwa. Mvua ilikuwa imegoma, watu wanakula unga wa njano wa msaada.

Idi ya kuchinja na Krismasi zikaangukia wiki moja.

Mwenyekiti wa kijiji, Antipasi, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwafanya watu wale wawe kitu kimoja. Karamu moja, kijiji kizima, siku ya Krismasi. Mgeni rasmi anatoka wilayani.

Lori la ushirika likaleta unga wa ngano na sukari kutoka Singida Mjini. Kazi ya kuoka akapewa Febronia, maana ujanani alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni.

Wa kumsaidia akawa Mwajabu, jirani yake, mama wa watoto watatu. Mume wa Mwajabu alikuwa kibarua wa reli kule Manyoni, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mwanamke mwenyewe si mwongeaji. Ukimsalimia anaitikia, anaendelea na kazi yake.

Walioka kutwa nzima. Tanuri lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa na kukandikwa udongo wa kichuguu. Febronia anakanda, Mwajabu anakata kwa mdomo wa glasi, anapanga kwenye bati, anasukuma ndani.

Mwajabu alikuwa amefunga, kwa kuwa kesho yake ni Idi, kwa hiyo hakuonja hata moja. Febronia alionja zile za mwanzo. Tamu kabisa.

Kufikia alasiri mafua yakamzidi. Harufu hasikii, macho yanatoka machozi kwa moshi. Akakanda donge la mwisho, akaongeza maziwa ya unga kutoka kwenye kopo la rafuni, wakaoka, wakachanganya zote madebeni, wakafunga.

Funguo za jiko zilikuwa mbili. Mmoja wa Febronia, mwingine wa Mwajabu.

Ndiyo maana asubuhi ile Febronia hakuhitaji mganga wa kumwambia mwizi ni nani.

Akatoka mbio na kitenge nusu amefunga, akaenda kwa mwenyekiti.

Huko akamkuta Bonifasi, mgambo wa kijiji, anatoa taarifa ya lindo la usiku; aliposikia biskuti zimeibwa, akadakia. "Nimemwona mama Sefu alfajiri. Ana debe kichwani, anazunguka nyuma ya nyumba yake. Nikadhani maji."

Mama Sefu ndiye Mwajabu.

Wakaenda. Wakamkuta amevaa nguo yake ya Idi, anawapaka wanawe mafuta ili waende kuswali.

"Ndugu, biskuti za kijiji ziko wapi?" Antipasi akamuuliza.

Mwajabu akaangalia chini. "Nilichukua mimi."

"Umezipeleka wapi?"

Kimya.

"Umeuza?"

"Hapana."

"Umekula madebe manne?"

Bonifasi akapekua nyumba, akapekua mpaka ndani ya mitungi. Hakuna kitu. Watu waliokuwa njiani kwenda kuswali wakasimama. Wakristo nao wakasogea. Minong'ono ikaanza, na haikuwa minong'ono mizuri. Mmoja akasema wazi, "Wenzetu hawa hawataki Krismasi yetu."

Hapo Antipasi akaona kijiji chake kinapasuka machoni pake. Akataka kumaliza haraka.

"Mama Dina," akamgeukia Febronia. "Mali ilikuwa mikononi mwako. Unasemaje?"

Febronia alikuwa amewaka hasira. Alimwamini yule mwanamke. Alimpa ufunguo.

"Mwizi asikae meza moja na watu," akasema. "Na unga wa msaada asipewe. Kama ana njaa ale alizoiba."

Ikapita hivyo hivyo. Mwajabu akaondolewa kwenye karamu na kwenye mgao wa unga. Alimwangalia Febronia mara moja tu, akawashika wanawe mikono, akaingia ndani. Hawakwenda kuswali.

Febronia akarudi nyumbani. Angetakiwa atulie, si ameshinda?

Hakutulia.

Akafagia uwanja, akaacha katikati. Akabandika chai, akaisahau mpaka ikakauka. Kuna kitu kilikuwa kinamtafuna. Mwizi gani anaiba kisha anakiri bila hata kubanwa? Na madebe manne ya biskuti, kijiji kile, unamuuzia nani asijulikane?

Akatoka, akaingia, akatoka tena.

Mchana mumewe, Yeremia, akaja kutoka shamba. Manyunyu yalikuwa yameanza, anataka kupanda mtama. Akaingia jikoni kuchukua dawa ya wadudu aliyopewa na bwana shamba, ya kuchanganya na mbegu.

"Mama Dina, nani kagusa dawa yangu?"

"Dawa gani?"

"Ya mbegu. Niliiweka humu kwenye kopo. Limebaki tupu."

Akatokeza na kopo mkononi. Kopo la maziwa ya unga.

Febronia akaenda kwenye rafu. Kopo la pili lilikuwepo, nyuma ya chungu. Akalifungua, akatia kidole, akalamba. Maziwa. Limejaa, halijaguswa.

Akakaa palepale chini.

"Nini?" Yeremia akauliza.

"Hakuna. Mafua tu. Dawa yako niliimwaga kwa bahati mbaya nilipokuwa napanga rafu."

Ukweli hakumwambia, na alikuwa na sababu. Yeremia aligoma kuhama wakati wa operesheni. Alikaa ndani ya boma lake mpaka likabomolewa, akalala mahabusu, na viongozi walikuwa bado wana jina lake mdomoni. Mtu kama huyo, mkewe atie sumu kwenye chakula cha kijiji kizima, mbele ya mgeni wa wilaya. Nani angeamini ni bahati mbaya? Wangeita hujuma. Yeremia angeondoka na Land Rover ya polisi, na kurudi kwake hujui.

Febronia akajifunga kitenge, akapita nyuma ya nyumba mpaka kwa Mwajabu. Hakubisha hodi.

Mwajabu alikuwa anapepeta uwele.

"Ulijuaje?" Febronia akauliza.

Mwajabu hakujifanya haelewi. "Nilipoosha makarai jana, kuku alidonoa mabaki ya donge. Nikaona anapiga mabawa, anazunguka, akafa. Nikarudi kunusa lile kopo."

"Biskuti ziko wapi?"

"Shimo la choo kipya. Nimefukia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia. Baba Dina angeuliza unalia nini. Na yule mume wako namjua, angekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kueleza." Akapepeta kidogo. "Nilikusudia nikuambie sikukuu ikipita. Sikujua Bonifasi ananiona."

"Asubuhi je? Nimekutukana mbele ya watoto wako."

"Ningesema nini mbele ya mgambo, mama Dina?"

Febronia akapiga magoti pale kwenye pumba. Mwajabu akamshika bega. "Inuka, watu watakuona. Yaache yapite."

Lakini Febronia hakuweza kuyaacha. Mtu amekuokoa, na wewe umemnyang'anya chakula cha wanawe. Ukweli hawezi kuusema, maana unamfunga mumewe. Kunyamaza nako hawezi. Akazunguka nyumba ya mwenyekiti mara nyingi kabla ya kuingia.

"Ndugu mwenyekiti, mama Sefu hakuiba."

Antipasi akaweka kikombe chini.

"Mafuta niliyookea yalikuwa yameoza. Nikamtuma mimi akazimwage zile biskuti kabla hazijaharibu watu matumbo. Halafu nikaona aibu."

"Yaani asubuhi ulimsimamisha mbele ya watu, ukamwita mwizi, na ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Antipasi alimwangalia kwa muda mrefu. Baadaye Febronia alisema hakuna kipigo kilichowahi kumuuma kama yale macho.

"Wewe ni mtu mbaya," akasema taratibu. Hakufoka.

Jioni ile akawakusanya watu. Mwajabu akasafishwa, mgao wake ukarudi. Na kwa kuwa karamu ilikuwa imekaribia na ngano imekwisha, akapewa yeye uongozi wa kuoka. Febronia akawekwa chini yake, abebe kuni na maji, na baada ya sikukuu akalime peke yake kipande cha shamba la kijiji.

Walioka kwa walichokuwa nacho. Unga wa uwele, unga wa njano, mafuta ya alizeti, asali. Wanawake wakawa wanapita, wakimwona Febronia wanatema mate pembeni.

Bati la kwanza lilipotoka, Febronia akachukua moja, akala. Akakaa chini karibu na tanuri, akasubiri. Mwajabu naye akasimamisha kazi. Moto ukapungua mpaka wakauchochea tena.

"Uko sawa?" Mwajabu akauliza mwishowe.

"Niko sawa."

"Basi lete kuni."

Siku ya Krismasi biskuti zilikuwa ngumu, wazee wakawa wanazichovya kwenye chai. Lakini zikaliwa zote. Waliokuwa wanasemana asubuhi ya Idi wakawa wanagombea sahani moja. Mgeni wa wilaya akazifungia nyingine kwenye leso.

Febronia alikula amesimama, pembeni, hakuna aliyemkaribisha.

Jina la mama mwongo likamkalia. Miaka na miaka. Akienda kisimani wanaacha kuongea. Akigombea uongozi wa kina mama wanacheka. Yeremia mwenyewe alikufa akiamini mkewe aliwahi kumsingizia jirani.

Mwajabu alipofariki, Febronia alikuwa bibi wa fimbo. Pale msibani akaomba aseme neno. Akaeleza yote, kopo, sumu, shimo la choo, uongo wake kwa mwenyekiti. Yeremia hayupo tena, hakuna wa kufungwa. Nilikuwepo, ndivyo nilivyokipata kisa hiki.

Watu wakabaki wameduwaa.

Sefu, mtoto mkubwa wa Mwajabu, sasa mtu mzima mwenye mvi, akaja akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sisi mama alitueleza tangu tukiwa wadogo. Alitukataza tu tusikuaibishe."

Febronia akamshika mkono.

Ndugu zangu, ukimwona mtu ananyamaza huku anatuhumiwa, usikimbilie kuona hatia. Mfuate faraghani umuulize. Huenda anachokificha ni aibu yako wewe.