Mstari Wetu Ulikuwa Mfupi

Siku ya kura ilikuwa siku ya kawaida tu. Nilikamua, nikapeleka maziwa sokoni Bwera, nikarudi na chumvi na sabuni. Mchana tukakusanyika uwanja wa kanisa kuamua habari ya kisima cha bondeni: kibaki cha ng'ombe, au eneo lake ligawiwe mashamba ya maharagwe. Kwetu mambo kama hayo hatupigii kura kwa karatasi. Unasimama nyuma ya msemaji wa upande wako mchana kweupe, na kila jicho linakuona.

Sisi wafugaji tulikuwa wachache. Wakulima walijaa hadi barabarani, wakitucheka, na mume wangu Erisa naye akacheka. Alikuwa mtu wa utani, hata pale nilipotaka akasirike.

"Basi, mumetushinda," akamwambia jirani yetu Baluku, mkulima, aliyesimama mstari mrefu. "Lakini ngombe itakunywa wapi? Mutuachie hata njia moja."

"Njia iko, muzee. Tutaongea."

Hawakuwahi kuongea. Kabla maharagwe hayajaota, vita vikaingia. Vijana wenye mapanga na mikuki walishambulia vituo vya polisi, askari wakajibu kwa risasi, na katika vurugu hiyo kila mwenye kinyongo chake akakitoa. Sisi hawakuhitaji kutuulizia. Walishatuona tumesimama.

Walikuja asubuhi, na mapanga yao.

Mke wa Baluku alinivuta ndani kwake, akanifunika kwa magunia ya kahawa. "Nyamaza, mama. Usikohoe."

Erisa alikuwa bondeni na ndama.

Nilimsikia akiita watu. Alimwita mwalimu. Alimwita mzee wa kanisa. Alimwita Baluku, mara mbili.

Baluku alikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwangu, mkono kwenye komeo la mlango. Hakulifungua.

Kisha Erisa hakuita tena.

Sasa naishi Hima kwa kaka yangu, anayefanya kazi kiwandani. Watu huniambia nisamehe, kura ni kura, walio wengi ndio huamua. Sibishi. Kisima walikipata kwa haki, na nyumba ya Baluku iliniokoa. Namshukuru na namchukia, yote mawili. Kinachoniuma ni kingine. Waliokuja na mapanga walikuwa vijana wachache tu. Wengi walikuwa ndani, milango imefungwa, na kila mmoja alisikia jina lake likiitwa.