Mama Yangu Mzazi Kaniuza Uwanjani

Leo nimefungwa na mama yangu mzazi. Mniache nilie.

Nafundisha netiboli ya wasichana shuleni kwetu, hapa Mkuyuni. Mwaka mzima nimewakaririsha maelekezo kwa Kikerewe, ili wapinzani wasituelewe.

Leo kila nikipaza sauti, wapinzani wanauwahi mpira. Kila mara!

Nikageuka. Kwenye benchi lao kakaa mama, kavaa kitenge nilichomnunulia mimi, anawatafsiria!

Tumefungwa vibaya. Nikamfuata.

"Shikamoo mama. Ndiyo nini hiki?"

"Marahaba. Mtoto wa dada yako si anacheza kwao?"

"Na mimi je? Siri yangu umeitoa!"

"Siri yako? Kikerewe nani alikufundisha?"

Jamani, sasa kakaa kwenye pikipiki yangu, ananisubiri nimrudishe nyumbani.

Nimwache?