Kreni Iliyofichwa na Magauni

Mimi sikutaka mengi. Nilitaka mchoro mmoja tu wa ile kreni ya mvuke iliyokuwa ikiegeshwa nyuma ya stesheni ya zamani ya Voi, mashine nzito ambayo kazi yake ilikuwa kuinua mabehewa yaliyoanguka. Nilikulia katika nyumba za reli. Siku hizi nikishafunga duka langu la vitambaa, hukaa kwenye meza ya sebuleni nikiunda reli ndogo: stesheni ya maboksi, tangi la maji la mkebe wa maziwa, na treni chache nilizonunua. Kreni kama ile haiuzwi popote. Ilibidi niiunde mwenyewe kwa bati na waya, na bati halikatwi kwa kukisia.

"Si uliiona kila siku?" bwanangu aliniuliza. "Chora unavyoikumbuka."

Hilo ndilo lililoniudhi. Niliiona kila siku nikienda shule, na sasa nikijiuliza ilikuwa na magurudumu mangapi, sijui. Kreni yenyewe ilikatwa vyuma chakavu zamani.

Nilianzia mtandaoni, kwa wapenzi wa treni ndogo wa ng'ambo. Ni watu wapole sana, na upole wao ulinipotezea muda mwingi. Mmoja alinitumia mchoro wa kreni ya bandarini. Mwingine alinitumia wa kreni ya reli pana. Kuubana uenee kwenye reli yetu nyembamba kulikuwa kama kumvisha mtu mzima koti la mtoto. Wa tatu alinishauri niunde kitu rahisi zaidi.

Kisha nikakumbuka picha. Zamani, hakuna aliyefunga ndoa au kubatiza mtoto pale Voi bila kupigwa picha mbele ya kreni. Nikaandika kwenye kundi la simu la sisi tuliokulia nyumba za reli: nitumieni picha zote zenye kreni. Zikamiminika. Nilizifungua moja moja, na kila nilipofungua nilizidi kuchoka. Juu, kreni ilionekana vizuri: bomba la moshi, paa, mkono mrefu na ndoano. Chini, watu. Magauni, suruali pana, watoto waliochuchumaa, bibi mmoja na mbuzi. Hakuna hata picha moja iliyoonyesha magurudumu. Niliandika tena: "Hamna picha isiyo na watu?" Mtu akanijibu: "Dada, nani apoteze filamu kupiga picha chuma?"

Picha iliyokaribia kunifaa ilikuwa ya harusi ya shangazi yangu, dada ya baba, anayeishi Bura. Katikati ya miguu ya wasimamizi palionekana vipande vya gurudumu. Lakini pale nilipopahitaji zaidi, gauni la bibi harusi lilitanda kama pazia. Nikafunga duka nikaenda Bura.

Shangazi alikuwa akichambua maharage. Hakukubali kuongea lolote hadi nile. Nilipomaliza, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Shangazi, hapa nyuma ya gauni lako palikuwa na nini?"

"Kreni."

"Najua ni kreni. Kitu gani cha kreni?"

"Mwanangu, siku hiyo nilikuwa naolewa. Ulitaka nigeuke nikague mashine?"

Nilitamani kulia. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, naye akaendelea na maharage huku akinung'unika kuwa hiyo kreni hata kuitaja hataki, maana ilimharibia gauni. Mpiga picha alimwambia arudi nyuma kidogo, akarudi, akaegemea grisi. Mama mkwe wake alilitazama lile doa sherehe nzima.

"Gauni liko wapi?"

"Liko. Kwani linatupwa?"

Alilitoa ndani ya sanduku, limekunjwa, likinuka dawa ya nondo. Kwa nyuma, usawa wa goti, palikuwa na doa la hudhurungi lililojipinda kama upinde, na juu ya ule upinde meno, moja baada ya jingine. Ilikuwa gia! Gia ya kusukuma magurudumu, maana yake kreni yetu ilijiendesha yenyewe. Nilipiga kelele.

"Unafurahia doa langu?" shangazi akaniuliza.

Nililinakili kwenye karatasi ya khaki. Kisha nikataka kujua gia ilikuwa juu kiasi gani kutoka chini, nikamwomba alishike gauni mwilini kama amelivaa.

"Simama wima, shangazi."

"Nimesimama wima. Ndio urefu niliobaki nao."

"Siku ile ulivaa visigino?"

"Nilivaa."

"Virefu namna gani?"

Akanionyesha kwa vidole. Nilipouliza tena, vidole vikaachana zaidi. "Viatu vilikuwa vya kuazima," akasema, "usinihoji kama polisi." Mwishowe alipanda juu ya kipande cha ubao badala ya visigino, sote wawili tumekasirika, nikapima.

Vipimo hivyo vilitosha. Nilipojua ukubwa wa gia na ilikaa juu kiasi gani nilikadiria ukubwa wa gurudumu, na vile vipande vya katikati ya miguu vikaanza kueleweka. Nilikata bati, nikaharibu, nikakata tena. Kreni ilipokamilika nilituma picha yake kwenye kundi. Jamaa mmoja wa Taveta akaandika kwamba ilikuwa ya kijani. Mwingine akasema nyeusi. Waligombana hadi msimamizi wa kundi akaingilia. Hakuna aliyeitaja gia.

Shangazi alipokuja Voi aliitazama kwa miwani, akagusa meno kwa ncha ya kidole, akasema kweli ndiyo hiyo. Nilifurahi. Lakini upande wa pili wa kreni sijui ulikuwaje, kwa sababu watu wote wa mji huu walipigwa picha upande mmoja. Ule nisioujua nimeuelekeza ukutani.