Dirisha la Jiwe Kinyonga

Dada Msasa alikata vito miaka mingi hadi ncha za vidole vyake zikafutika alama. Jina hilo tulimpa sisi wenzake wa benchi. Alilipokea kwa matusi ya kutosha, kisha akalizoea. Mimi nilikaa kwenye gurudumu la kusagia lililofuata lake, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na mpaka leo yananiuma.

Hakuwa mtu mpole. Ukiazima kibano chake, ukirudishe kabla hajakiulizia, la sivyo siku nzima utasikia habari za ukoo wako. Lakini akimtaja mdogo wake, sauti ilishuka. Alimlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki. Kijana alipoacha shule akaenda kuchimba mawe, dada mtu alimfukuza nyumbani kwa ufagio, na jioni ile ile akamfuata na sahani ya chakula.

Sasa mchimbaji huyo alikuwa mtu mzima na mapafu yamejaa vumbi la mashimo. Alilala ameketi, ameegemea mito, na kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Hospitali ya karibu ilisema wazi kwamba imefika mwisho wa uwezo wake. Ilikuwepo nyingine, mbali, yenye wataalamu wa mapafu, lakini gharama zake hata ukoo mzima ungeuza vitanda usingezifikia.

Walichokuwa nacho ni jiwe moja. Mdogo mtu alilitoa mwenyewe msimu wake wa mwisho shimoni, likiwa limeng'ang'ania kwenye kipande cha mwamba mweusi. Vitabuni linaitwa aleksandraiti. Sisi tuliliita kinyonga. Dada Msasa alilileta karakana limefungwa kwenye leso, akatuita dirishani. Kwenye mwanga wa mchana lilikuwa kijani kibichi. Akalipeleka chini ya balbu yetu ya zamani, ile ya waya, tuliyokataa ibadilishwe kwa sababu taa nyeupe za siku hizi haziligeuzi vizuri. Likawa rangi ya damu ya mzee. Tulipiga kelele kama watoto. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Hili ndilo litakalompumulisha mdogo wangu."

Dalali akaleta habari kwamba mnunuzi atafika kesho yake asubuhi. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza, maana wanunuzi wetu wote walikuwa masonara. Sonara hana shida na mwamba. Anataka kujua ndani kuna nini, na usipomwonyesha, atadai limepasuka na kukupa bei ya kukutukana. Ndiyo sababu kabla mnunuzi hajafika tunalisafisha jiwe, tunasaga upande mmoja kidogo na kuung'arisha ili achungulie. Tunaita kufungua dirisha. Hakuna fundi anayefikiria mara mbili kuhusu jambo hilo.

Mchana ule Dada Msasa alifungua dirisha. Aliubandua mwamba kwa patasi ndogo, akautupa pipani pamoja na takataka nyingine. Likabaki jiwe tupu, ncha zake sita zimetokeza kama nyota. Akalisogeza kwenye gurudumu, akasaga ncha moja kwa upole ambao sijawahi kumwona akimfanyia binadamu. Kisha akalinyanyua kwenye mwanga.

"Nyufa tupu," akaniambia. "Kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Hili halikatiki."

"Rangi ipo lakini."

"Ipo. Atalichukua kwa rangi." Alisema hivyo mara kadhaa, akiwa hanitazami.

Mnunuzi hakuwa sonara. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mwenye suruali iliyopanda juu ya kitambi, amebeba kisanduku kilichojaa pamba. Dada Msasa alimwamkia, akafungua leso. Mzee alilitazama jiwe, akatafuta kiti bila kugeuka.

"Mwamba wake uko wapi, mama?"

"Nimeutoa. Ulikuwa unaliziba."

"Na hii ncha? Nani ameisaga?"

"Ni mimi, mzee. Ili uone ndani."

"Mimi sina haja na ndani!" Akakigonga kisanduku chake. "Mimi nakusanya mawe. Nayaweka kabatini kama yalivyozaliwa, na mwamba wake, na nyufa zake. Kama hili sijawahi kuona, na ninayatafuta tangu ujana."

Akainuka, akapiga magoti kwenye pipa letu, akachakura kwa mikono yake hadi akakipata kile kipande cheusi. Akajaribu kulirudisha jiwe mahali pake. Lilikaa vizuri kabisa, isipokuwa ile ncha iliyosagwa, na hapo ndipo macho yote yalipokwenda. Kwa sonara lilikuwa nyufa. Kwa mkusanyaji lilikuwa limeharibika.

Dada Msasa, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu hata maji, aliomba. "Mzee, mdogo wangu hapumui. Toa chochote."

"Pole sana, mama." Alikuwa karibu kulia, na nilimchukia kwa hilo. "Lingekuwa zima, mgonjwa ningempeleka mimi mwenyewe kwa gari langu." Akafunga kisanduku chake chenye pamba tu, akaondoka.

Nilimsindikiza Dada Msasa nyumbani. Njia nzima alibadilisha maneno ya kumwambia mdogo wake: atasema mnunuzi hakutokea, hapana, atasema anarudi wiki ijayo, hapana, atasema kweli. Tukaingia.

Mdogo wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Begi lilikuwa miguuni pake. Alikuwa amevaa viatu, na kamba amezifunga mwenyewe. Jasho la kazi hiyo lilikuwa bado linamtiririka.

"Dada, mbona umechelewa? Tunaondoka saa ngapi?"

Dada Msasa akapiga magoti sakafuni, akaanza kuzifungua zile kamba. Mdogo wake akanitazama mimi, nikatazama ukuta. Akakitazama kichwa cha dada yake kilichoinama, muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya vidole vya dada yake, akavizuia.

"Acha, dada," akasema, akitafuta pumzi katikati ya maneno. "Niache nikae na viatu vyangu kidogo."