Muti Niliouchuna Kwetu

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya hasira. Kwenye bohari ya pamba, Saidi, mwenzangu wa kubeba magunia, alisema mbele ya watu: "Ninyi wa Kabambare, kwenu kuko nini? Nyasi na mbu. Hata muti wa maana hamuna."

Watu wakacheka. Mimi nilitoka kwetu mudogo sana, mujomba akanilea Kasongo, lakini mutu akigusa kwetu siwezi kunyamaza. Nikamujibu: "Ngoja. Nitakuletea kitu cha muti ambacho hata babu yako hakuona." Kapita, musimamizi wetu wa bohari, akanipa ruhusa.

Siku ya kwanza nilipanda kamio, lori ya mizigo. Iliniacha Lusangi, nikaendelea kwa miguu.

Siku ya tatu, jua kali, nilikuwa karibu kufika. Nikaacha barabara, nikashika njia ya zamani ya porini. Mule nikaona miti minene ya aina moja imesimama duara, kila muti na nafasi yake, kama watu wanaongojea kuitwa majina. Maganda yake ni yale wazee walipiga yakawa nguo. Nikachagua muti munene kupita yote, nikauchuna kwa panga, kuzunguka shina lote. Maji yake yakatoka meupe kama maziwa. Nilikuwa ninaimba.

Jioni nilimukuta shangazi, dada ya baba, anatwanga muhogo. Nikamuonyesha ganda. Muchi ukasimama.

"Umetoa wapi?"

"Kule porini, kwenye duara ya miti."

"Kule si pori. Ni kijiji chetu cha zamani, kabla wazungu hawajatuleta huku barabarani. Ile miti ilikuwa nguzo za lupango, ua wa kijiji. Kila mwanaume alichomeka yake mbichi, zikashika mizizi. Umechuna gani?"

"Ile kubwa, upande wa kijito."

Akakaa chini. "Ya baba yako."

Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya askari wakati wa vita, hakurudi. Kaburi hatuna. Kumbe pale kwenye shina ndipo shangazi anamwaga maji na kumuita.

"Unagombana na watu kwa ajili ya kwetu," akasema polepole, "na kwetu hukujui." Heri angenipiga.

Asubuhi tulifunga kidonda cha muti kwa majani ya mugomba na kamba, vile wazee walifanya wakichuna maganda ya nguo.

"Utapona, shangazi?"

"Kama muti uko na roho nzuri kuliko yako. Ukitoa majani mapya, nitakutumia moja kwa mutu wa kamio."

Nilikaa siku ine, ninamwagia maji, ninaomba musamaha kwa baba nisiyemujua sura.

Kasongo, Saidi alinipokea mbele ya magunia. "Mutoto wa nyasi amerudi. Kiko wapi?"

Watu wakangojea ulimi wangu.

"Sikuleta kitu," nikasema. "Shika gunia upande wako."

Alicheka, nikamuacha acheke. Sasa kila kamio ya Kabambare ikiingia, ninakimbia kumuuliza dereva. Jani halijafika.