Mshale Usio na Neno la Kurudi

Kalasinga muuza vitambaa wa mtaa wa Berea amefariki. Mliowahi kushona sare za kwaya mnamjua: kilemba cha bluu, ndevu nyeupe, na Kiswahili cha Nakuru alikozaliwa. Kiunoni alivaa kirpan, kisu ambacho Kalasinga aliyekula kiapo hakivui, na walinzi wa maduka makubwa hawakuchoka kumsumbua. Kitabu chao kitakatifu hawakihesabu kuwa kitabu. Ni Mwalimu aliye hai. Jioni hufunikwa mashuka na kulazwa chumbani mwake, asubuhi huamshwa na kubebwa kichwani kwa heshima. Nilimtania, "Mzee, na akikoroma?" Akanijibu kwamba anayekoroma ni yule anayesomewa kila siku na habadiliki.

Leo naandika nikiwa na hasira, na msiniombe niifiche. Mwaka ule maduka yetu sisi wageni yalipovunjwa, shemeji yangu alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto. Alijifungia ndani kimya, na waporaji wakapita. Jirani yake, mtu aliyezoea kuazima ngazi yake na kula pilau yake ya Idi, akawaita warudi, akanyoosha kidole. Shemeji alipoteza jicho. Nikaandika safu yangu ya gazeti hili yenye jina la jirani huyo, mtaa wake, na rangi ya geti lake. Nilijua vijana wa kwetu wangeisoma, na nilijua wangekwenda. Ndicho nilichotaka.

Kabla ya kuituma nikapita kwa Kalasinga, maana yeye alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Akaisoma amesimama, kisha akakaa.

"Mzee, wewe unavaa silaha ya Mungu," nikamwambia. "Usinihubirie upole."

"Nani kakuhubiria upole? Shemeji yako angeniita wakati anapigwa, ningeichomoa hii nikafa naye mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yake. Sasa wamekwisha kumpiga, ndipo wewe unachomoa."

Marehemu mkewe alikuwa Mhindu, na kwa mkewe alikuwa amejifunza habari za vitabu vyao. Akanisimulia kwamba mishale ya miungu ilirushwa kwa neno takatifu, na kila neno la kurusha lilikuwa na neno la kurudisha. Shujaa mmoja aliyeuliwa baba yake alijua kurusha tu. Akaurusha mshale wake kwa kisasi, na alipoambiwa auite urudi akashindwa. Mshale ukaenda kutafuta watoto waliokuwa bado tumboni mwa mama zao.

"Huyu wa geti ana watoto?" akauliza.

"Mabinti wawili."

"Eish. Na neno la kuirudisha hii safu, unalo?"

Nikaichukua karatasi yangu nikaondoka bila kuaga. Safu sikuituma, lakini nilimchukia kwa muda mrefu.

Jumapili, baada ya sala za marehemu, tulikula tumeketi sakafuni kwa mstari mmoja, tajiri na fukara, ndiyo desturi yao. Shemeji alikuwa kushoto kwangu, akipapasa mkate upande asiouona. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile jina ningali nalo.

Ninalo. Sijasamehe, na sidhani nitasamehe. Lakini ninyi mnaoniuliza kwa nini safu hii haitaji mtu kwa jina, mlaumuni mzee wa vitambaa: asiyejua kuurudisha mshale asiurushe, hata akiwa na haki. Yule wa geti hasomi Kiswahili. Ataendelea kulala na mabinti zake, asijue kamwe ni mzee gani aliyesimama mlangoni pake kuwalinda.