Mawe Kwanza

Kosa ninaloliandikia hapa ni ubinafsi, na hasa ubinafsi uliojifunza kusali. Ubinafsi wa mwizi haujifichi. Watu huujua na kujihadhari nao. Huu mwingine huongoza ibada, hufunga na kutoa sadaka, na hujulikana siku moja tu, siku ambayo kumsaidia jirani kunaweza kukugharimu uhai. Siku hiyo ilipofika, mimi nilikuwa chini ya ardhi.

Asubuhi yenyewe ilikuwa kama nyingine zote kilimani, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Nyarugusu. Nilikuwa nimeacha kufundisha shule ya msingi huko Tinde nikaifuata dhahabu. Duara tulilochimba, yaani shimo letu, lilikuwa mali ya Mzee Elikana, mzee wa kanisa. Kila asubuhi alitukusanya kwenye mdomo wa duara, tukashikana mikono, naye akatuombea. Alisema kwamba anayeshuka na anayebaki juu ni mwili mmoja katika Kristo, na kamba ya winchi, ile mashine ya kuvutia inayozungushwa kwa mikono, ndiyo mshipa unaowaunganisha. Tuliitikia amina. Mwenzangu wa kushuka, Juma, Mwislamu kutoka Singida, alisubiri kwa adabu huku akifunga tochi yake kichwani, kisha naye akaitikia.

Uji alituuzia Mama Kulwa, mjane wa Kagongwa. Alisali kanisa hilohilo, ingawa sikumbuki kama kuna aliyewahi kumwomba aombee hata chakula alichokipika mwenyewe.

"Shikamoo, mayu," Juma alimwamkia. Alikuwa amejifunza kumwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Mwalimu wako ameamkaje? Jana alikunywa uji wangu kama anasahihisha madaftari."

"Alikuwa anatafuta makosa."

"Akiyapata aje akoroge yeye."

Alikuwa na desturi yake. Uji wa waliokuwa chini aliufunika kwa sahani na kuyapanga mabakuli kwenye benchi, ili kila anayepanda aukute wake. Mtu yeyote angeweza kulitazama benchi lile na kujua ni nani hajatoka shimoni.

Kundi la upande wa pili wa kilima lilikuwa likidai kwamba mwamba tuliouchimba ni wao. Yalianza mawe, ikafuata mishale, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa. Kisha zikaja bunduki, na hadi leo sijui ni nani aliyezileta. Walioko mbali waliyaita yale vurugu. Waliozika waliyaita vita, nami nimelichukua neno lao.

Tukiwa chini tulisikia mlio mzito, kama gunia lililoangushwa. Kisha sauti ya Mzee Elikana.

"Mwalimu! Fungeni mawe kwanza!"

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kumaliza zamu: kiroba cha mawe ya dhahabu hutangulia, watu hufuata. Tulidhani zamu imefupishwa. Juma alikifunga kiroba. Kamba ikapanda kwa kasi tusiyoizoea.

Haikurudi.

Tuliita. Hakuna aliyejibu.

Mashine ya kutupulizia hewa ikanyamaza.

Matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, yaliishia katikati ya shimo. Chini yake palikuwa na mwamba mtupu usio na pa kukanyaga. Bila kamba, hapakuwa na njia.

"Mwili mmoja," alisema Juma gizani.

"Nyamaza. Utatumalizia hewa."

"Mwalimu, acha niimalize nikicheka."

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye na wanawake waliokuwa wakikimbia pamoja na Mama Kulwa. Walikuwa wamekwisha kufika barabarani, mahali pa salama. Mzee Elikana alikuwa hapo, akikaza kiroba nyuma ya pikipiki.

"Mzee, mwalimu na Juma wametoka?"

"Wametoka wote."

"Mbona mabakuli yao nimeyaacha yamefunikwa?"

Alikaza fundo la mwisho kabla ya kujibu. "Mama Kulwa, Mungu atawalinda."

"Kwa mikono ya nani?"

Aliweka sufuria zake chini, akaupa kisogo usalama ule na kurudi kilimani.

Sisi tulisikia winchi ikilia, kisha kamba ikanigusa bega.

"Nimeifunga kwenye gogo," ilisema sauti ya mwanamke. "Siwezi kuwavuta peke yangu. Mwepesi apande kwanza, anisaidie kumvuta mzito."

Juma aliikwea kamba kwa mikono hadi kwenye matimba, akatoka. Nikajifunga. Wakaanza kunivuta, kila mmoja kwenye mkono wake wa winchi.

Mlio mmoja.

Kamba ililegea, nikaanguka kidogo, kisha ikakaza.

Niliendelea kupanda, polepole zaidi.

Nilipotoka nilimkuta Juma akizungusha peke yake. Mama Kulwa alikuwa ameulalia mkono wa pili kwa kifua, uzito wake wote juu yake, ili winchi isirudi nyuma kila Juma alipopumzisha mikono. Kitenge chake kilikuwa kimelowa damu ubavuni.

"Mwalimu umetoka?"

"Nimetoka, mayu."

"Haya."

Tulimbeba kuelekea barabarani. Alikata roho kabla hatujafika.

Baada ya mapigano kutulia, Mzee Elikana alitoa ushuhuda kanisani. Alisema Bwana alimfungulia njia katikati ya risasi. Kwaya ikaimba, watu wakampongeza. Mama Kulwa alitajwa katika matangazo kama mama mmoja muuza uji. Nilimsubiri mzee mlangoni.

"Ulijua tuko chini," nilimwambia.

"Mwalimu, nina familia."

Mama Kulwa naye alikuwa nayo: Kulwa na Doto, mapacha waliobaki kwa bibi yao Kagongwa. Juma huwapelekea mchele kila baada ya mavuno. Kanisa lililopokea ushuhuda ule halijawahi kuwapelekea hata salamu.

Nimeyapima maisha niliyoachiwa. Nimerudi darasani, nimesoma vitabu vingi, nimewafundisha watoto wa watu wengine. Yote hayo hayawalipi mapacha wale. Sitaki kuambiwa kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu; palikuwa na mikono ya kutosha siku ile, nayo ilichagua kiroba.

Msalaba wa kaburi lake uliandikwa Mama Kulwa tu, kwa kuwa waliouchonga hawakulijua jina lake, wala hawakuuliza. Mimi nilimwuliza mama yake. Aliitwa Minza Luhende.